Trekta la Mke Wangu na Rotaveta ya Inchi Sabini na Nane

Jumatatu, tarehe 6

Trekta limefika! Saa nne asubuhi, juu ya lori. Jekundu. Jipya. Nguvu za farasi ishirini na tano, imeandikwa ubavuni. Nimelizunguka mara tatu na kulipa jina: Dubwana.

Kasoro moja tu. Ni dogo. Boneti linanifika kiunoni, na nikikaa kitini magoti yananigusa kidevu.

Limenunuliwa na mke wangu, fundi cherehani, kwa miaka tisa ya kushona sare za shule. Mtaa mzima unajua. Mimi ndiye dereva. Hilo nalo nilitaka lijulikane, kwa hiyo nimepita nalo barabarani mara nne, mbili kati ya hizo bila sababu yoyote.

Hapo ndipo alipotokea mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Watu humwita Injinia. Uinjinia hajausoma hata siku moja. Ana trekta kubwa la farasi themanini na tano, na kalamu sikioni. Ndiye pia anayekalia kiti chenye mikono kila tunapokwenda kula kwa mama mkwe, wakati mimi nimeoa mapema kuliko yeye. Akasimama mbele ya duka, akalitazama Dubwana juu mpaka chini, akauliza kama limeshaachishwa ziwa. Wote waliokuwepo wakaangua kicheko. Muuza duka alishika mbavu.

Nimejikaza kisabuni. Nikamwambia ukubwa wa trekta si kitu, kitu ni ukubwa wa zana inayofungwa nyuma. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalipotoka yalinipendeza.

Jioni mke wangu kaniita mezani. Mama yake ana ekari mbili za kupanda mahindi, katikati ya mistari ya michungwa. Mvua inatarajiwa Jumapili. Udongo uwe umelainishwa kufikia Jumamosi jioni. Ukilainishwa, mimi ndiye dereva wa trekta hili siku zote. Usipolainishwa, ufunguo anampa Injinia. Alisema hayo bila kupandisha sauti, huku anatunga uzi kwenye sindano. Akisema hivyo huwa hatanii.

Nimeapa. Ekari mbili! Na Jumamosi iko mbali sana.

Jumanne, tarehe 7

Ghala la ushirika. Zana zote za wanachama hukaa hapo. Unaandika jina daftarini, unachukua moja, unairudisha ikiwa safi. Mtunza ghala ni mama wa maneno machache, miwani imemshuka puani. Kaniuliza trekta langu lina farasi wangapi. Nikamwambia ishirini na tano, nikaongeza kwamba ni farasi wakubwa. Hakucheka.

Akanionyesha, kwa kidole cha mguu, rotaveta iliyokuwa kona. Rotaveta ni mashine ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo. Hii ilikuwa ya inchi hamsini na nne, na kuku alikuwa ametagia juu yake. Nikauliza kama hiyo ni ya kulimia au ya kukatia mboga.

Pembeni yake, jembe la sahani tatu. Chuma kitupu! Kila sahani pana kama karai. Nilimwona Injinia moyoni mwangu akilitazama jembe hilo na kukosa la kusema. Nikaandika jina. Mtunza ghala naye akaandika kitu kando ya jina langu. Nilikisoma nikiwa natoka: "Nimemwambia."

Wanaume wanne walisaidia kulifunga. Nikavuta wenzo wa kunyanyulia. Jembe halikunyanyuka. Nilinyanyuka mimi! Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, pua ya Dubwana ikaelekea juu, nami nimeng'ang'ania usukani natazama mawingu. Ni kweli, mvua ipo.

Walinishusha kwa kukaa juu ya boneti. Mmoja wao alikuwa Injinia, aliyekuwa anapita tu, kama kawaida yake. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, tarehe 8

Nimepata dawa. Nyuma pakizidi uzito, unaongeza mbele. Mtoto wa chekechea angeliona hilo.

Mke wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo. Nikafunga puani mwa Dubwana magunia mawili ya mchanga. Hayakutosha. Jiwe la kunolea la jirani. Bado. Pasi mbili za mkaa. Bado! Macho yangu yakatua kwenye cherehani. Si cherehani yenyewe, la hasha. Miguu yake. Ile miguu ya chuma ya zamani, mizito mpaka inatia huruma. Nikaifungua cherehani taratibu, nikailaza kitandani, nikaifunika shuka. Mimi si mnyama. Kisha nikaifunga miguu kwa kamba mbele ya taa.

Dubwana likatulia chini! Nilishangilia peke yangu uani.

Nikajaribu nyuma ya nyumba. Sahani tatu zikazama. Trekta likaenda hatua nne, likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Nikaliwasha. Hatua tatu. Nikaliwasha. Hatua mbili. Kwa mwendo huo ekari mbili zitakwisha mwakani. Matairi ya nyuma yakachimba mashimo mawili, mazuri, marefu, ila si kazi niliyopewa.

Mke wangu karudi na vifungo. Kakuta kitu kimelala kitandani kimefunikwa. Alidhani tumepata mgonjwa. Akafunua shuka. Akatazama mahali ilipokuwa miguu. Akatoka uani, akaiona.

Sitaandika aliyoyasema. Nimekula chakula kikiwa baridi, nimesimama.

Alhamisi, tarehe 9

Leo ni leo! Mke wangu kavaa miwani, katundika tepu yake ya kushonea shingoni, kaenda kulipima trekta. Kama mteja! Kapiga magoti nyuma yake, kanyoosha tepu kutoka ukingo wa nje wa tairi hili mpaka ukingo wa nje wa lile, akaita hapo ni nyonga. Tepu nimeisoma mwenyewe, ilisema hamsini na tano. Yeye kaandika hamsini. Miaka tisa anashona na bado namba zinampa taabu, maskini. Siwezi kumwaibisha mke wangu mbele ya trekta.

Kisha kaniketisha, kanieleza. Sketi inatakiwa ifunike nyonga na kuzidi kidogo kila upande, basi. Zana ikiwa nyembamba kuliko matairi, matairi yanakanyaga udongo ambao umeshalainishwa. Ikiwa pana mno, trekta halina nguvu ya kuizungusha. Mtunza ghala kamwambia kila futi ya rotaveta inataka farasi watano hivi. Kwa hiyo farasi ishirini na tano, nyonga inchi hamsini, jibu ni rotaveta ya inchi hamsini na nne. Ile ya kuku.

Nimemsikiliza kwa adabu zote. Nikamwambia, mke wangu mpenzi, trekta haliendi harusini.

Nikaenda kurudisha jembe. Njiani nikapishana na Injinia, nyuma kafunga haro, zana ya kuvunjia mabonge ya udongo, pana kama uwanja, akapunguza mwendo ili aniulize kama homa ya mtoto imeshuka. Aliniuma mpaka kwenye ini. Nikaingia ghalani damu imenichemka, na damu ikichemka huwa nafikiri vizuri sana. Jembe la sahani linavutwa, ndiyo maana linachosha. Visu vya rotaveta vinazunguka kwenda mbele. Vinasukuma! Basi rotaveta ikiwa kubwa, inasukuma zaidi, na trekta linachoka kidogo zaidi. Ile kubwa kuliko zote ndiyo nyepesi kuliko zote. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Kubwa kuliko zote imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe: inchi sabini na nane. Nikaandika jina. Mtunza ghala akaandika kando: "Nimemwambia tena."

Ila mimi si mtu wa kukurupuka. Lango la mama mkwe ni jembamba, lazima lipimwe. Mke wangu alikuwa amejilaza kidogo baada ya chakula, nikaitoa tepu shingoni mwake kwa ncha za vidole, nikaenda mbio. Lango: inchi themanini kamili. Rotaveta: sabini na nane. Inapita na inchi mbili zinabaki! Nani alisema sipangi mambo yangu?

Ijumaa, tarehe 10

Hazikubaki.

Saa mbili asubuhi nilikuja kwa mwendo wa heshima, magunia sita ya mchanga puani mwa Dubwana. Mama mkwe alikuwa kibarazani, akanipungia mkono. Nami nikampungia, kwa mikono miwili, ili aone ninavyolimudu trekta. Dubwana likapita langoni salama salimini. Rotaveta haikupita. Kraaa! Nguzo ya kushoto ikalala chini. Mlango wa mbao ukanasa kwenye visu na kunifuata mpaka mchungwa wa kwanza.

Nikashuka, nikainama, nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Kaitikia marahaba. Kisha kwa upole uleule alionao binti yake, akaniuliza kama na lango limo katika zile ekari mbili.

Nikasema nitalitengeneza tu. Kazi kwanza. Nikashusha rotaveta, visu vikaguna mara moja, trekta likazima. Nikaongeza moto mpaka mwisho, nikaachia klachi ghafla. Paa! Injini inanguruma, visu vimelala.

Fundi vyuma kaitwa. Kachungulia shafti, kasema bolti imekatika, na kwamba bolti hiyo huwekwa pale makusudi, ikatike yenyewe kabla mtu hajaua injini. Kasema bolti ile ina akili kuliko baadhi ya watu. Hakutaja jina. Nadhani alikuwa anamsema Injinia.

Mpaka hapo nilikuwa nimelainisha hatua sita. Zilizobaki ni ekari mbili kasoro hatua sita.

Mke wangu kaja kwa miguu. Kaitazama nguzo. Kanitazama mimi. Kautazama mfuko wangu wa shati, tepu inaning'inia. Akaivuta, akanionyesha mwanzo wake. Hakuna moja. Hakuna mbili. Inaanzia kwenye tano! Kipande cha mwanzo kiliungua na pasi mwaka juzi. Yeye akipima, hutoa tano kichwani, ameshazoea. Lango ni inchi sabini na tano. Limekuwa sabini na tano tangu yeye ni msichana.

Kwa hiyo namba hazikuwa zinampa taabu.

Akanyoosha mkono. Sikuuliza anataka nini, nikampa ufunguo. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alisema tu kwamba mvua ya Jumapili ikimpita mama yake, mwaka huu hana mahindi. Na kwamba kwa miaka tisa mguu wake haukutoka kwenye cherehani. Akautia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni pamoja na tepu, akaondoka.

Nimelia nyuma ya mchungwa. Si sana.

Jumamosi, tarehe 11

Injinia kafika saa moja asubuhi bila kuitwa, na farasi wake themanini na tano na haro lake. Kavaa shati jeupe. Alikuja kumwokoa mama mkwe na kuchukua ufunguo, vyote kwa mpigo.

Kapita palepale nguzo ilipolala. Kama si mimi, asingepita! Hakushukuru. Kaingia mstari wa kwanza kwa mbwembwe, mkono mmoja tu kwenye usukani. Kafika mwisho. Kageuza. Halikugeuka. Kushoto mchungwa, kulia mchungwa, nyuma haro linafagia kila kitu. Karudi nyuma kidogo. Kaenda mbele kidogo. Kanyonga usukani. Kraaa! Tawi zima la mchungwa chini, limejaa machungwa mabichi.

Mama mkwe, ambaye kwangu alikuwa mpole, akavua kandambili. Injinia alitoka kinyumenyume mpaka barabarani, kandambili moja iko juu ya boneti lake. Ee Mola, nimewahi kuwa na siku nzuri maishani, lakini hii!

Ndipo nikasikia mlio mdogo. Mke wangu. Kakaa juu ya Dubwana, kanga kaifunga kiunoni, nyuma kuna ile rotaveta ya inchi hamsini na nne. Kuku kashushwa. Bolti mpya, mtunza ghala kaifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kapita langoni. Kaingia kati ya michungwa. Mwisho wa mstari kageuka bila kugusa jani. Udongo nyuma yake ulikuwa laini kama unga, na alama ya tairi sikuiona hata moja, rotaveta ilizifuta zote. Injini haikukohoa. Ilikuwa inaimba kabisa!

Nilikuwa naokota machungwa mabichi na moyo umenijaa fahari. Nikajisemea trekta hili limepata dereva. Kisha nikakumbuka dereva ni mimi. Nikanuna mpaka saa nane mchana, alipomaliza.

Jumapili, tarehe 12

Mvua! Imeanza saa tatu, ya kutulia, ya kupenya. Mama mkwe alisimama kibarazani viganja nje, akicheka peke yake. Nimemwona na roho yangu imepoa.

Mchana tukala kwake wote. Kile kiti chenye mikono kilikuwa mahali pake. Nilimwona Injinia anakitazama, naye aliniona ninakitazama. Mama mkwe akamshika mkono mke wangu, akamkalisha yeye. Mimi na Injinia tukaelekezwa kwenye benchi moja, bega kwa bega. Benchi fupi. Kila mmoja wetu nusu iko hewani. Injinia, ambaye habari ya nyonga ilishamfikia, akaninong'oneza kwamba benchi hili halikupimwa nyonga. Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Kumbe si mtu mbaya.

Nyama ilipoletwa alichukua paja. Ni mtu mbaya.

Jumatano, tarehe 15

Lango limejengwa upya. Injinia kapewa kazi hiyo kulipia tawi, mimi nikachanganya zege. Mama mkwe amekataa lipanuliwe hata kidogo. Inchi sabini na tano, kama zamani.

Halafu jambo kubwa. Nilikuwa uani nanoa jiwe la jirani, yaani nalisafisha nilirudishe, mke wangu akaja akasimama mbele yangu. Nyasi za nyuma ya nyumba ya mama yake zimefika kiunoni, zinahitaji slasha, ile mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta. Yeye ana sare arobaini za kumaliza. Akavua uzi shingoni, akaniwekea ufunguo kiganjani. Akasema mtu anakosea, anajifunza. Akasema ananiamini. Akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akarudi kwenye cherehani.

Machozi yalinitoka. Safari hii hata mchungwa sikuutafuta. Nimeapa moyoni kwamba sitamwangusha tena.

Nikaenda moja kwa moja ghalani. Kuna slasha mbili. Moja ndogo, mpya, visu vikali, mtunza ghala kainyooshea kidole cha mguu kabla sijafungua mdomo. Nyingine kubwa, imeandikwa kwa rangi nyeupe: inchi sabini na nane.

Wiki iliyopita ningekurupuka. Lakini mimi sasa ni mtu aliyefundishwa. Najua siri: unatoa tano! Sabini na nane toa tano, sabini na tatu. Lango sabini na tano. Inapita na inchi mbili zinabaki!

Nimeandika jina. Cha ajabu, mtunza ghala leo hakuandika chochote kando yake. Kavua miwani, kaifuta, kaniuliza kesho nitapita langoni saa ngapi, ili afunge ghala aje kutazama. Nimemwambia saa tatu kamili. Kauliza kama anaweza kuja na fundi vyuma. Nimemwambia aje na yeyote amtakaye. Nimefurahi sana, ni mara ya kwanza mama huyu kuonyesha imani nami.

Na nguzo sasa ni za zege, hazitikisiki hata ukizisukuma. Vizuri. Hakuna kitakachoanguka.